Mungu Yupo? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hoja za Wanafalsafa

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kujua wanafalsafa wamebishana nini hasa kuhusu kuwapo kwa Mungu, na ubishi umefika wapi. Hayakuandikwa kumtia mtu dini wala kumtoa. Kila upande una hoja nzito na hoja nyepesi, na ninapoiona nyepesi nitasema, hata kama ndiyo inayopendwa kuliko zote. Maswali hayakupangwa kwa uzito; lile la uovu liko katikati ingawa kwangu ndilo zito kupita mengine yote.

Mungu anayebishaniwa ni yupi?

Katika falsafa, mara nyingi neno hili lina maana finyu: mmoja, muumba wa kila kisicho yeye, mwenye uwezo wote, mjuzi wa yote na mwema bila doa. Huyo ndiye ambaye Wayahudi, Wakristo na Waislamu wanaweza kukaa pamoja wakamjadili kabla hawajaanza kutofautiana. Baruch Spinoza, katika kitabu kilichotoka mwaka 1677 baada ya kifo chake, aliandika kana kwamba Mungu na maumbile ni kitu kimoja. Mtu anayemkubali Mungu wa Spinoza na mwingine anayemkataa Mungu wa Ibrahimu huenda hawapingani hata kidogo, ila wamepigiana kelele usiku kucha.

Ni muhimu kulijua hili mapema, kwa sababu hoja nyingi hata zikifaulu hufika nusu ya safari. Ukithibitisha kwamba kuna chanzo cha kwanza, bado hujathibitisha kwamba chanzo hicho kinasikia dua. David Hume aliwatania waliodai kumjua fundi kwa kuitazama kazi yake: kazi ina kasoro, alisema, basi labda ulimwengu huu ulitengenezwa na mungu mchanga aliyekuwa akijaribu mkono, kisha akautelekeza kwa aibu. Upande wa pili nao una mpaka wake. Hoja ya uovu inambana Mungu mwema mwenye uwezo wote. Chanzo kisichojali chochote haikigusi.

Kama kila kitu kina chanzo, Mungu naye aliumbwa na nani?

Wanaouliza swali hili hudhani wameshamaliza kazi. Bado. Wanafalsafa wakubwa waliotetea hoja ya chanzo hawakuijenga juu ya kauli kwamba kila kitu kina chanzo. Walisema mojawapo ya mambo mawili, na kila moja linahitaji jibu lake.

La kwanza ni la wanakalamu, wanatheolojia wa Kiislamu, na mtetezi wake maarufu ni Abu Hamid al-Ghazali (1058–1111). Kila kilichoanza kuwapo kina kilichokianzisha; ulimwengu ulianza kuwapo; kwa hiyo una aliyeuanzisha. Mungu hakuanza, basi kauli ya kwanza haimhusu. Kazi ngumu iko kwenye kauli ya pili. Watetezi wake husema siku zilizopita haziwezi kuwa hazina idadi, kwa maana ingebidi siku zisizo na mwisho ziishe kwanza ndipo leo ifike, na kisicho na mwisho hakiishi. William Lane Craig aliifufua hoja hii mwaka 1979 na tangu hapo imekuwa ikisikika kwenye midahalo ya kila namna. Wapinzani hujibu kwamba mawazo hayo yanaficha siku ya kuanzia kuhesabu. Chagua siku yoyote iliyopita, iwe ya mbali namna gani: kutoka hapo hadi leo ni idadi inayohesabika. Kama wakati hauna mwanzo, hakuna aliyeanza safari kutoka "mbali kusiko na mwisho".

La pili ni la Ibn Sina (980–1037), na kwa maoni yangu ndilo lenye nguvu zaidi. Ibn Sina hakuhitaji ulimwengu uwe na mwanzo. Yeye mwenyewe aliamini umekuwapo daima. Alichouliza ni kingine: vitu tunavyoviona vingeweza kutokuwapo, sasa kuwapo kwake kumetoka wapi? Chukua mfano wa shati. Unaniuliza nimelipata wapi, nakwambia nimeazima. Aliyeniazima naye aliazima, na aliyemwazima naye vivyo hivyo. Hata safu ya waazimaji ikienda bila kikomo, hatujajibu shati lilitoka kwa nani. Kuongeza waazimaji hakuleti mwenye shati. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ibn Sina angeweza kusema kwamba viumbe vyote vimevaa kuwapo kwa kuazima, na lazima pawe na mmoja ambaye kuwapo ni kwake mwenyewe. Huyo alimwita wajib al-wujud, aliyepo kwa lazima.

Thomas Aquinas (1225–1274) alifuata mkondo unaofanana. Aliamini kwa imani kwamba ulimwengu ulianza, lakini alisema wazi kuwa akili peke yake haiwezi kulithibitisha hilo, na "njia tano" zake, yaani hoja zake tano za kuwapo kwa Mungu, hazitegemei siku ya kwanza.

Bertrand Russell alilipinga wazo hili kwenye redio ya BBC mwaka 1948, akijadiliana na padri Frederick Copleston. Kila mwanadamu ana mama, alisema, lakini haifuati kwamba jamii nzima ya wanadamu ina mama. Huenda kila kitu ndani ya ulimwengu kinahitaji sababu na ulimwengu wenyewe usihitaji, upo tu. Kuna tatizo jingine la ndani zaidi. Ukishika kanuni kwamba kila jambo lina sababu inayolitosheleza, na sababu ya mwisho ipo kwa lazima, inaonekana yote yanayotoka humo nayo ni ya lazima, hata wewe kusoma sentensi hii sasa hivi. Gottfried Leibniz aliipenda kanuni hiyo na alihangaika kukwepa matokeo yake. Watetezi hujibu kwamba uamuzi huru ni sababu inayotosha bila kulazimisha. Hapo ngoma bado mbichi.

Kwa hiyo swali halisi si nani alimuumba Mungu. Ni wapi mtu anaruhusiwa kuacha kuuliza "kwa nini". Muumini anasimama kwenye kitu ambacho, kwa maneno yake, hakingeweza kutokuwapo. Asiyeamini anasimama kwenye ulimwengu. Wote wamesimama mahali, na ugomvi ni juu ya nani ana haki ya kusimama aliposimama.

Mlipuko mkuu haujamaliza ubishi huo?

Hapana. Padri Mkatoliki Georges Lemaître ndiye aliyetoa, mwaka 1931, wazo la ulimwengu ulioanza kutoka kitu kama chembe moja asilia. Papa Pius wa Kumi na Mbili alipotoa hotuba mwaka 1951 akiyahusisha mambo hayo na uumbaji, Lemaître hakupendezwa. Aliona fizikia isitumike kuibeba imani wala kuiangusha. Tunachojua ni kwamba miaka bilioni 13.8 hivi iliyopita ulimwengu tunaouona ulikuwa na joto na msongamano wa ajabu. Kama kulikuwa na kitu kabla ya hapo, au kama neno "kabla" lina maana hapo, fizikia haijaamua. James Hartle na Stephen Hawking walipendekeza mwaka 1983 muundo ambao wakati hauna ukingo wa kuanzia, ingawa urefu wake si wa milele. Na hata huo ukiwa sahihi, swali la Ibn Sina halijaguswa.

Darwin aliiua hoja ya mpangilio?

Aliua tawi moja. William Paley aliandika mwaka 1802 kwamba mtu akiokota saa porini atajua ilitengenezwa, na jicho la mnyama ni fumbo kubwa kuliko saa. Mwaka 1859 Charles Darwin akaonyesha namna viumbe wanavyoweza kupata viungo vinavyofaa bila fundi: tofauti ndogo ndogo, kurithishana, na wasiofaa kupungua kizazi hata kizazi. Baada ya hapo jicho halikuwa tena ushahidi uliokuwa mwanzo. Muumini anaweza kusema Mungu aliumba kwa njia hiyo, na wengi husema, lakini hiyo ni imani inayoafikiana na ushahidi. Hoja inayotokana na ushahidi ni kitu kingine.

Tawi lililobaki ni la vipimo vya maumbile. Nguvu ya mvutano, kani zinazoshika kiini cha atomu, kasi ya kutanuka kwa ulimwengu: baadhi ya vipimo hivi vingekuwa tofauti kidogo tu, nyota na kemia tunazozijua zisingekuwapo, wala sisi. Jibu jepesi ni kwamba tusingekuwapo kushangaa kama vingekuwa tofauti. Mwanafalsafa John Leslie alilijibu kwa mfano mzuri. Umefungwa mbele ya kikosi cha askari wenye shabaha kali, wote wanafyatua, wote wanakukosa. Ni kweli usingekuwa hai kushangaa kama wangekupata, lakini bado una kila sababu ya kuuliza kulikoni.

Jibu zito zaidi ni kwamba pengine zipo dunia nyingi mno, yaani malimwengu mengine kando ya huu wetu, zenye vipimo tofauti, na sisi tumo katika ile ambamo uhai uliwezekana. Lingine ni kwamba hatuwezi kusema kipimo fulani "hakikutarajiwa" bila kujua ni vipimo gani vingewezekana na kwa kiasi gani, na tuna ulimwengu mmoja tu wa kutazama. Hili la pili naliona kali sana, na silisikii likitajwa inavyostahili. Ama dunia nyingi, nazo zinahitaji kanuni ya kuzizalisha, na kanuni hiyo ina vipimo vyake. Tumerudi kwenye mahali pa kusimama.

Mtu anaweza kweli kumthibitisha Mungu kwa fasili tu?

Anselm, mtawa aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Canterbury, alidhani anaweza. Mnamo mwaka 1078 aliandika hivi kwa ufupi: Mungu ni yule ambaye hakuna mkubwa zaidi yake anayeweza kufikiriwa. Hata anayemkana anaifahamu fasili hiyo, kwa hiyo Mungu yumo angalau akilini mwake. Lakini angekuwa akilini tu, tungeweza kumfikiria mkubwa zaidi, yaani aliyepo akilini na nje yake. Hilo linapingana na fasili. Basi yupo.

Mtawa mwenzake, Gaunilo, alimjibu mapema: kwa mtindo huo naweza kuthibitisha kisiwa ambacho hakuna kizuri zaidi yake. Immanuel Kant, mwaka 1781, akaenda kwenye mzizi. Kusema kitu kipo si kukiongezea sifa. Sarafu mia za kufikirika na sarafu mia za kweli zina idadi ile ile, ila za kwanza hazinunui kitu. Kiswahili kina msemo wa karibu na hapo: asiyekuwepo na lake halipo. Huwezi kumpa mtu sifa kemkem kisha ukategemea sifa hizo zimvute aje.

Hoja haikufa. Alvin Plantinga aliiunda upya mwaka 1974 kwa mantiki ya uwezekano na ulazima: kama inawezekana awepo aliye mkamilifu katika kila hali inayowezekana, basi yupo katika kila hali, na hii yetu ni mojawapo. Mantiki ni safi. Tatizo ni kwamba ukianza na "inawezekana asiwepo", mantiki ile ile inakupeleka kinyume kabisa. Plantinga mwenyewe alikiri kwamba haithibitishi, inaonyesha tu kwamba kumwamini Mungu si kinyume cha akili. Mwaka 2013 watafiti wawili waliikagua kwa kompyuta hoja ya aina hii iliyoachwa na mwanahisabati Kurt Gödel, na magazeti yakatangaza kwamba kompyuta imemthibitisha Mungu. Kompyuta ilikagua kama hitimisho linafuata kutoka matamko ya mwanzo. Matamko yenyewe yawe kweli au yasiwe, hiyo haikuwa kazi yake.

Russell aliwahi kusema ni rahisi kuhisi kwamba hoja hii ina kasoro kuliko kuonyesha kasoro iko wapi. Nami nimeisoma mara nyingi nikiwa na hisia hiyo hiyo.

Bila Mungu, jema na baya vinabaki?

Swali hili limekwama kwenye uma wa barabara uliochorwa na Plato zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Jema ni jema kwa sababu Mungu ameliamuru, au ameliamuru kwa sababu ni jema? Ukichagua la kwanza, ukatili ungekuwa mwema laiti ungeamriwa. Ukichagua la pili, wema una msingi wake nje ya amri. Waislamu wa kale waligawanyika hapo hapo: Muutazila walisema akili inaweza kulitambua jema lenyewe, Waashari wakasema jema ni lile lililoamriwa. Jibu linalopendwa na waumini wengi leo ni njia ya tatu, kwamba wema ni tabia ya Mungu mwenyewe, amri zikitoka humo. Sina hakika kwamba jibu hilo linaukwepa uma. Mtu anaweza kuuliza kama tabia hiyo ni njema kwa kuwa ni yake, au vinginevyo.

Hata hivyo asiyeamini asishangilie. Kama ulimwengu ni chembe na kani tu, kwa nini kumtesa mtoto kuwe kosa kweli, si jambo tunalolichukia tu? Wapo wanaojibu kwamba kweli za maadili zipo tu, kama zile za hesabu. Na hiyo tena ni kusimama mahali. Hakuna kati ya haya kinachohusu kama wasioamini ni watu wema; hilo ni swali jingine na jibu lake linaonekana kwa macho.

Kama Mungu ni mwema na ana uwezo wote, uovu unatoka wapi?

Thomas Aquinas, kabla ya kueleza njia zake tano, aliorodhesha pingamizi mbili tu dhidi ya kuwapo kwa Mungu. Moja ni kwamba maumbile yanaweza kujieleza yenyewe. Nyingine ni uovu, na aliiweka ya kwanza.

Sura yake kali zaidi ilitolewa na J. L. Mackie mwaka 1955. Mungu mwenye uwezo wote angeweza kuuondoa uovu, Mungu mwema angetaka kuuondoa, uovu upo. Basi kumwamini huyo ni kujipinga kimantiki. Plantinga alijibu kwa hiari ya mwanadamu: huenda hata mwenye uwezo wote hawezi kuumba watu walio huru kweli na papo hapo kuhakikisha hawatendi baya, kama asivyoweza kuumba duara lenye pembe. Kumbuka, jibu hili halidai kwamba ndivyo ilivyo. Linadai tu kwamba inawezekana, na hilo latosha kuvunja madai ya kujipinga. Wengi waliridhika, hata William Rowe ambaye hakuamini Mungu.

Rowe ndiye aliyeugeuza mjadala mwaka 1979. Tuache kusema haiwezekani, tuulize kama inaelekea kuwa kweli. Akatoa mfano wa mtoto wa paa katika msitu wa mbali. Radi inawasha moto, mnyama anaungua vibaya, anateseka siku kadhaa, kisha anakufa. Hakuna mtu aliyeona, hakuna aliyejifunza huruma, hakuna hiari ya yeyote iliyohusika. Mateso hayo yalikuwa ya nini? Ukizidisha tukio hilo kwa mamilioni ya miaka ya wanyama kabla hatujatokea sisi, hiari ya mwanadamu inaonekana blanketi fupi. Ukivuta kichwani, miguu inabaki nje.

Majibu yapo. John Hick alitetea, mwaka 1966, kwamba dunia haikukusudiwa kuwa mahali pa starehe bali mahali pa kukuzia roho, na ushujaa au uvumilivu havikui pasipo shida. Lina ukweli kwa watu wengine. Kwa mtoto anayekufa kabla hajasema neno, silioni linavyofanya kazi, isipokuwa ukiongeza maisha baada ya kifo, kama Hick mwenyewe alivyofanya. Leibniz alikuwa amesema mwaka 1710 kwamba huu ni ulimwengu bora katika yote yaliyowezekana. Tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, tetemeko liliiangusha Lisbon, likafuatwa na mawimbi ya bahari na moto. Maelfu kwa maelfu walikufa. Voltaire aliandika kwa hasira juu ya falsafa iliyoweza kuutazama mji ule na bado ikasema yote ni mema.

Jibu ninalolipa uzito zaidi ni lile linalosema: nani kasema sisi tungeiona sababu ya Mungu kama ipo? Mtoto mchanga anayechomwa sindano haoni sababu, na pengo kati yetu na mjuzi wa yote ni kubwa kuliko lile. Kitabu cha Ayubu kinaishia karibu na hapo. Ayubu anaulizwa alikuwa wapi misingi ya dunia ilipowekwa. Lakini dawa hii ina madhara yake. Kama hatuwezi kujua sababu za Mungu hata mbele ya mtoto anayeungua, tutajuaje kwamba tunapaswa kumwokoa? Huenda nako kuungua kuna sababu. Na tutajuaje kwamba ahadi zake hazina sababu iliyofichika ya kutotimizwa? Mzazi wa yule mtoto wa sindano, tena, humshika mkono. Wanaoteseka wengi wanasema hawakushikwa.

Akitaka tumjue, mbona amejificha?

J. L. Schellenberg aliifanya hoja kamili ya swali hili mwaka 1993. Mungu mwenye upendo angeacha daima mlango wazi wa uhusiano kwa kila anayeutaka. Lakini wapo wanaomtafuta kwa moyo mweupe na hawaoni kitu. Kwa hiyo Mungu wa namna hiyo hayupo. Wengine hujibu kwamba ushahidi mwingi mno ungetulazimisha utii na kuua uhuru, au kwamba hakuna anayemkosa bila kosa lake. La mwisho naliona ni ukatili, na anayelisema mara nyingi hajakaa na mtu aliyepoteza imani akilia.

Mungu anaweza kuumba jiwe asiloweza kulibeba?

Kitendawili cha kuchangamsha baraza. Wengi wanakubali kwamba uwezo wote ni uwezo wa kufanya kila linalowezekana, na "jiwe lisilobebeka na anayebeba kila kitu" si jina la kitu kinachowezekana; ni maneno yaliyokaa pamoja kwa bahati mbaya. Kuna wachache, René Descartes akiwa mfano, waliosema Mungu angeweza hata kuibadilisha hesabu. Kwao jibu ni ndiyo, na kisha angelibeba.

Nani ana wajibu wa kuthibitisha?

Mwaka 1952 Russell aliandika kwamba akidai kuna birika dogo la chai linalozunguka jua, dogo kiasi cha kutoonekana kwa darubini, si kazi yako kuthibitisha kwamba halipo. Antony Flew akasema mwaka 1972 kwamba mjadala uanze na kutoamini, kama mahakama inavyoanza na kutokuwa na hatia. (Flew alitangaza mwaka 2004 kwamba sasa anaamini kuna aina ya Mungu, na kila upande ukadai chake.) Waumini hujibu kwamba birika ni kitu kimoja zaidi ndani ya ulimwengu, ilhali Mungu anadaiwa kuwa sababu ya kuwapo ulimwengu wowote. Naona wako sahihi kwamba mfano haulingani, ila hilo haliwaondolei kazi. Anayesema "hayupo" naye amedai kitu. Asiyedai ni yule aliyesimama kando, na Thomas Huxley alimpa jina mwaka 1869: mwagnostiki.

Si bora kuamini tu, kwa tahadhari?

Hilo ndilo dau la Blaise Pascal, lililochapishwa mwaka 1670, miaka minane baada ya kufa kwake. Ukiamini naye yupo, faida haina mwisho; asipokuwapo, umepoteza kidogo. Tatizo linalojulikana ni kwamba miungu inayodaiwa ni mingi, na dau halisemi uweke kwa yupi. Kwangu ndiyo hoja dhaifu kuliko zote ikichukuliwa peke yake. Ni haki kuongeza kwamba Pascal hakuitoa kama uthibitisho. Aliielekeza kwa mtu ambaye ushahidi umemwacha katikati. Yeye mwenyewe hakuamini kwa dau. Alipokufa, ndani ya bitana ya koti lake palikutwa pameshonwa karatasi ya tarehe 23 Novemba 1654 inayomtaja Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, "si wa wanafalsafa na wasomi".

Dini si tunda la hofu tu?

Ludwig Feuerbach mwaka 1841 na Sigmund Freud mwaka 1927 walisema kitu cha namna hiyo, kwamba mwanadamu humwona mbinguni yule anayemtamani. Huenda wana haki kuhusu kwa nini watu huamini. Lakini chanzo cha wazo hakisemi kama wazo ni kweli. Anayeogopa nyoka kila anapopita majanini siku moja anaweza kumkuta. Na ukiruhusu mtindo huu, muumini atauliza ni tamaa gani iliyomfanya asiyeamini atake kusiwe na wa kumhukumu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wanafalsafa wa leo wanaelemea wapi?

Katika uchunguzi mpana wa maoni yao wa mwaka 2020, uliofanywa hasa katika vyuo vinavyotumia Kiingereza, takriban theluthi mbili walielemea kutokuwapo kwa Mungu na kama asilimia 19 kuwapo kwake. Kwa waliobobea katika falsafa ya dini, mizani inageuka na waamini ndio wengi. Kila mtu huchukua takwimu inayompendeza. Wengi wa wabobezi hao huenda waliingia fani hiyo wakiwa tayari waumini, na wengi wa wale wengine hawajaisoma kwa kina. Idadi ya vichwa haitusaidii sana.

Na mwandishi je?

Nasogea na kurudi. Hoja ya Ibn Sina hunifanya nishindwe kuridhika na "upo tu" ya Russell; mtoto wa paa wa Rowe hunifanya nishindwe kumwita mwema huyo aliyepo kwa lazima. Nikilazimishwa, nitasema hoja ya kwanza inanipa kitu kisicho na uso, na ya pili inanizuia kukichorea uso.

Nianze kusoma wapi?

Anza na mazungumzo ya Hume kuhusu dini ya maumbile. Aliyaandika akayaweka kabatini miaka mingi, akafa mwaka 1776, na yakatoka mwaka 1779. Humo wamo watu watatu: mmoja anayeamini kwa ushahidi wa maumbile, mmoja anayeamini kwa hoja ya lazima, na mmoja mwenye shaka juu ya wote wawili. Soma taratibu, uone kama utaweza kumtambua Hume mwenyewe ni yupi kati yao. Wasomi bado wanagombana kuhusu hilo, hasa kwa sababu ya sura ya mwisho, ambapo yule mwenye shaka anageuka na kukubali zaidi ya vile mtu angemtarajia.